Alama ya gemu: 84 kwenye Metacritic ina maana gani?

Ukitafuta jina la gemu yoyote kubwa mtandaoni, aghalabu utakutana na mraba mdogo wa rangi wenye tarakimu mbili. Hiyo ndiyo Metascore, alama ya tovuti ya Metacritic iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001. Metacritic yenyewe haichezi gemu. Inakusanya alama zilizotolewa na majarida na tovuti za wahakiki, inazigeuza zote ziingie kwenye kipimo cha 0 hadi 100, kisha inatoa wastani. Vijana wa mabanda ya PlayStation hapa Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, wanaijua sana tarakimu hiyo, maana ndiyo wanayomwonyesha mwenye banda kwenye simu wakitaka anunue diski mpya. Jinsi inavyopikwa ni wachache wanaojua.

Tuanze na mhakiki mmoja. Huyu hupewa nakala na mchapishaji kabla gemu haijaingia sokoni, pengine siku chache, pengine wiki moja au mbili. Anapewa na sharti: asitoe hukumu yake kabla ya tarehe na saa fulani. Ndiyo maana hakiki za gemu kubwa humwagika zote kwa mpigo. Katika muda huo mfupi anatakiwa acheze hadithi inayoweza kula saa 40, aandike, na mwishoni aweke alama. Sehemu ya kuchezwa mtandaoni mara nyingi haijachangamka, kwa kuwa wachezaji wa kawaida hawajaingia. Anaangalia padi inaitikiaje kidole, picha zinakwendaje, sauti, hadithi, kama gemu inakwama au inazima. Lakini hakuna fomula ya kujumlisha hayo. Anapoandika 8, anamaanisha kwamba yeye, baada ya kucheza, ameipenda kiasi cha 8. Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza 1986, limekuwa na utaratibu wa kuweka jambo hili wazi: wahakiki wanne, kila mmoja anatoa alama yake kati ya 10, na jumla inakuwa kati ya 40. Msomaji anaona kabisa kwamba watu wanne hawakukubaliana. Gemu ya kwanza kupata 40 kamili ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998, ni hiyohiyo yenye 99 kwenye Metacritic.

Sasa zigeuze alama hizo ziwe wastani. Jarida linalotoa nyota tatu kati ya tano huenda lilikusudia kusema "nzuri, ila si ya kila mtu". Metacritic inasoma 60. Nyota nne ni 80, na katikati hapana kitu. Zaidi ya hapo, wahakiki hawahesabiwi sawa. Baadhi ya vyombo hupewa uzito mkubwa kuliko vingine, na Metacritic haitangazi nani ana uzito gani. Tuseme wahakiki wanne wametoa 90, 80, 80 na 60. Wastani wa kawaida ni 77.5. Mpe yule wa 60 uzito maradufu, hesabu inashuka hadi 74. Tofauti ya pointi tatu na nusu, utasema si neno. Ila kwa gemu, rangi ya kijani inaanzia 75. Chini ya hapo mraba unakuwa wa njano, na chini ya 50 mwekundu. Wahakiki hawajabadilisha hata herufi moja ya walichoandika, lakini gemu imeshahama rangi. OpenCritic, tovuti iliyokuja 2015, iliamua kuachana na uzito huo na kutoa wastani wa kawaida. Mimi naiamini zaidi kwa sababu hiyo moja, ingawa mara nyingi matokeo ya hizo mbili hupishana kidogo tu.

Hiyo 75 yenyewe ina mambo. Kwa filamu, Metacritic inapaka kijani kuanzia 61. Kwa nini gemu inadaiwa zaidi? Kwa sababu wahakiki wa gemu karibu hawaitumii nusu ya chini ya kipimo chao. Maelfu ya gemu hutoka kila mwaka, na tovuti kubwa huchagua chache, hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha nyingi. Gemu mbovu kabisa hazipati hata mtu wa kuzisema vibaya. Gemu inayowaka, isiyokwama na inayochezeka, imeshafika 6 au 7 kabla mhakiki hajaanza kuwaza. Mwanafunzi wetu akileta 70 nyumbani anapongezwa. Gemu ya bei kubwa ikipata 70, wenye studio wanaanza kuangaliana.

Pia pana suala la mkate. Kwa miaka mingi matangazo ya kuendesha tovuti za gemu yametoka kwa walewale wachapishaji wanaohakikiwa. Mwaka 2007 mhakiki Jeff Gerstmann wa GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6, wakati tovuti imejaa matangazo ya gemu hiyo. Alifukuzwa kazi, na mwaka 2012 alieleza hadharani kwamba hasira za watangazaji zilihusika. Haina maana kwamba kila 9 imenunuliwa. Wahakiki wengi ninaowasoma ni watu wa kusema ukweli, tena wengine wakali kupita kiasi. Ila mtu akikuuliza kwa nini 4 ni adimu hivyo, hiyo ni sehemu ya jibu.

Fedha hupita upande wa pili pia. Studio ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas, iliyotoka 2010. Mmoja wa wakuu wake, Chris Avellone, alieleza baadaye kwamba mkataba uliwaahidi bonasi endapo gemu ingefika 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84. Bonasi ikaenda na maji kwa pointi moja, pointi ambayo, kama tulivyoona, inaweza kutokana na uzito wa mtu mmoja au nyota zilizogeuzwa vibaya. Miaka imepita na gemu ile bado inachezwa na kusifiwa.

Jambo ambalo vijana wetu hulikosa zaidi ni hili: alama ni ya gemu hiyo kwenye mashine fulani. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Nakala zilizotangulia kwa wahakiki zilikuwa za kompyuta, na huko ilipata 86. Nakala za PS4 hazikutolewa mapema. Walionunua ya PS4 walikuta watu hawana nyuso, magari yanaelea, na gemu inajizima yenyewe. Alama ya PS4 ilipokuja ilikuwa 57, na Sony ikaiondoa dukani kwake mtandaoni kabla mwezi haujaisha. Ilirudi Juni 2021. Sasa, mashine iliyo kwenye banda la mtaa wetu wa Langoni ni PS4. Mraba wa kijani aliouona kijana kwenye simu ulikuwa wa kompyuta ambayo hakuna mwenye nayo mtaani.

Mtu atasema basi tuwaache wahakiki, tufuate wachezaji wenyewe. Maoni ya wachezaji yana thamani, lakini yana fitina zake. The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, wahakiki waliipa 93. Kwenye upande wa wachezaji zikamiminika sufuri kwa maelfu ndani ya saa chache, kwa gemu isiyomalizika chini ya saa 20. Hao walikuwa wanagombana na hadithi waliyosikia imevuja. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka ngoja ya saa 36 kabla ya mchezaji kuruhusiwa kutoa alama. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inafanya vingine: kila aliyenunua anatoa kidole juu au chini, kisha unaonyeshwa asilimia. Hapo tahadhari. Asilimia 90 ya Steam si sawa na 90 ya Metacritic. Inakwambia watu tisa kati ya kumi wameridhika, basi. Huenda wote tisa wameridhika kidogo tu.

Sasa njoo bandani. Benchi moja, televisheni moja, PS4 imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi na hewa ya chumvi, padi mbili ambazo raba za vidole zimekwisha mpaka plastiki inaonekana. Ni mpira tu kuanzia alasiri hadi usiku. Aliyefungwa anainuka, aliyeshinda anangoja mwingine. Mhakiki aliyeko London anapohakiki gemu ya mpira huandika kurasa juu ya sehemu ya kuendesha klabu au mchezaji msimu baada ya msimu, kadi za wachezaji zinazonunuliwa kwa fedha, na mechi za mtandaoni. Mechi ya watu wawili wamekaa bega kwa bega huenda ikapata sentensi moja, au isitajwe kabisa. Na si mpira peke yake: Halo 5, gemu ya kupigana risasi ya mashine ya Xbox, ilitoka 2015 bila uwezo wa kugawa skrini wacheze wawili, jambo ambalo gemu zilizotangulia za mfululizo huo zilikuwa nalo, na bado ilivuka 80 bila shida.

Lawama kubwa ya wahakiki kwa gemu za mpira ni kwamba kila mwaka ni ileile. Ni kweli, na kwa mtu wa kucheza peke yake ni haki kulalamika. Tovuti ya IGN iliipa FIFA 20 Legacy Edition ya mashine ya Nintendo Switch alama 2 kati ya 10, kwa kuwa kilichobadilishwa ni vikosi na jezi tu. Mwaka uliofuata FIFA 21 ikaja vilevile, IGN ikachapisha uhakiki uleule. Nilicheka, lakini nikawaza: banda letu hununua nini hasa kila msimu? Vikosi na jezi. Aliyehamia klabu mpya aonekane na jezi mpya, basi. Gemu ikibadilisha namna ya kupiga pasi, wateja hukasirika wiki nzima, kwa sababu mbinu zao zote zimekufa. Kinachomshushia mhakiki alama ndicho kinachomtuliza mteja wa Amu.

Kuna na gharama ambazo alama haizioni. Mhakiki ana intaneti isiyokwisha. Apdeti ya siku ya kwanza yenye gigabaiti nyingi inashuka akinywa chai. Hapa hiyo ni bando la mtu. Diski nayo inaagizwa Mombasa, inapanda basi hadi Mokowe, halafu boti. Ikiwa mbaya, kuirudisha ni nauli nyingine. Steam inamrudishia mteja fedha akiomba ndani ya siku 14 na hajacheza zaidi ya saa mbili. Diski haina huruma hiyo.

Kwa hiyo fungua uhakiki wenyewe, nenda kwenye aya zinazotaja mashine yako, na usome nyingine ya mtu aliyeichukia. Aliyeichukia hutaja sababu kwa undani, na pengine sababu yake wewe haikuhusu. Kama uhakiki ulitoka miezi mingi iliyopita, tafuta kilichoandikwa baada ya marekebisho, kwa kuwa alama ya siku ya kwanza mara nyingi haibadilishwi hata gemu ikitengenezwa upya. Halafu geuza kasha la PS4 uangalie mgongoni. Pameandikwa wanaoweza kucheza ni wangapi kwenye mashine moja, wangapi kupitia mtandao, na nafasi ya gigabaiti inayotakiwa. Pakiandikwa mchezaji mmoja, mwenye banda hana haja ya kuuliza alama.