Gemu za kutafuta vitu kwenye tableti: kidole sio mausi

Kazi yangu ni kutesti magemu kabla hayajatoka, na mara nyingi napewa haya ya kutafuta vitu vilivyofichwa, yale unaingia jumba bovu, chini ya skrini kuna orodha, unachambua rundo la makorokoro, alafu ukimaliza unazawadiwa nyundo ama ufunguo wa kwenda kufungulia chumba kingine. Watu huniuliza mbona kwenye kompyuta walikuwa wakali ila kwenye tableti wanakwama kila saa. Macho yako mazima jamani, ni kishale cha mausi ndio hakipo.

Gemu hizi zimekulia kwenye kompyuta. Mystery Case Files: Huntsville ilitoka 2005, na 2008 Return to Ravenhearst ya mfululizo huohuo ikachanganya kutafuta vitu na hadithi ya kutembeatembea yenye mafumbo, wakati iPad yenyewe imekuja 2010. Ukipitisha mausi juu ya droo, kishale kinageuka mkono au lenzi, yaani unatonywa kabla hata hujafikiri. Kwenye tableti kidole kikiwa hewani skrini haijui chochote, mpaka uguse.

Sasa wengi wanaamua kugusa ovyo kila mahali. Usifanye hivyo, gemu nyingi zinakuadhibu ukigonga hovyo, na kwenye levo ngumu vile vimetameta vya kukuonyesha pa kwenda vinazimwa kabisa. Ukiingia sehemu mpya tuliza mkono kwanza uangalie mchoro. Mandhari ya nyuma huwa imepakwa laini, ila kitu cha kuchukua kimewekwa juu yake kama tabaka lake peke yake, kwa hiyo kingo zake zinakuwa kali kidogo na kivuli chake wakati mwingine hakiendani na taa ya chumba, ukishalizoea hilo, jicho linakamata lenyewe.

Kwenye rundo lenyewe achana na rangi, fuata umbo. Mchoraji anajua nyoka utamtafuta sakafuni, ndio maana kamnyoosha kwenye fremu ya kioo na kumpaka rangi ileile ya mbao. Na ukubwa nao usiuamini, tembo anaweza kuwa mdogo kuliko kikombe! Vuta picha kwa vidole viwili, pitia robo moja moja, alafu rudisha picha nzima, maana ukikaa umeivuta muda wote vitu virefu kama mkuki vinakatika vipande na huvioni tena. Jina likiwa na rangi tofauti kwenye orodha, mara nyingi hicho kitu bado hakipo, kuna sanduku la kufungua au pazia la kusogeza kwanza.

Zima pia ile modi ya usiku inayofanya skrini iwe njano, inaua tofauti ya rangi, na kwenye fumbo la kupanga vito utahangaika bure.

Hinti, kile kitufe cha kukuonyesha kitu kilipo, tumia tu, itajijaza tena. Kinachoniudhi mimi ni zile gemu za bure zenye nishati, yaani pointi zinazopungua kila unapocheza, umenogewa na uchunguzi, ghafla unaambiwa subiri au ulipe. Hizo natesti kwa sababu nalipwa, nikicheza kwa raha zangu nachukua za kulipia mara moja, nyingi zinakuachia mwanzo bure uonje.