Radi Imo, Maji Hayamo

"Mwanangu, hapa mmeandika radi. Radi haijanigusa tangu nizaliwe. Maji yameingia dukani mara tatu, na maji hayamo!"

Mama huyu anauza vitambaa karibu na mfereji wa Nakivubo, Kampala. Alikuwa ameishika hati yake ya bima ya moto kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. Na alikuwa ameisoma sawasawa. Hati ya kawaida ya bima ya moto hubeba moto, radi na baadhi ya milipuko. Dhoruba na mafuriko ni nyongeza, huombwa na kulipiwa kivyake. Maporomoko ya ardhi mara nyingi ni kifungu kingine tena, hata kama yameletwa na mvua ileile.

Kazi yangu ni kupima hatari kabla kampuni haijaikubali, na swali la mama yule, kwa nini radi imo na maji hayamo, ningependa kila anayeanza kazi hii aulizwe siku ya kwanza.

Mimi ni mtoto wa Tororo. Kwa hesabu za 1967 hadi 1976, mji wetu ulisikia ngurumo wastani wa siku 251 kwa mwaka. Ungedhani mtu wa bima ataikimbia Tororo, lakini wapi! Radi ni mbaya, na mwaka 2011 iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi huko Kiryandongo. Ila kwa upande wa mali, radi hupiga nyumba moja ikaiacha ya jirani, kwa hiyo ada za watu elfu zinatosha kumlipa mmoja aliyepigwa. Maji hayaendi hivyo. Yakija, yanabisha hodi mtaa mzima, na wale wote waliochangia mfuko wanakuja kudai siku moja.

Hilo nilifundishwa na sanduku la posta. Miaka ile nilijivunia wateja zaidi ya mia moja wa maghala, maduka na gereji. Kwenye kompyuta kila mmoja alikuwa na anwani yake: Sanduku la Posta namba fulani, Kampala. Ikanyesha mvua moja tangu alfajiri, na kufikia saa nane mchana simu za ofisi zilikuwa hazinyamazi. Nilipovaa buti za mpira kwenda kukagua hasara ndipo nilipoona kwamba sehemu kubwa ya wale mia walikuwa mteja mmoja tu, aliyetandazwa kando ya mfereji mmoja. Sanduku la posta halilowi.

Siku hizi sikatii jengo bima bila vipimo vya GPS, na bila kujua sakafu yake iko juu au chini ya ukingo wa mfereji. Thamani za majengo yote tuliyoyakatia bima tunazikusanya kwenye ramani, na zikijaa upande wa mfereji wa Lubigi, kwa mfano, anayefuata anakataliwa au anapandishiwa bei hata kama ghala lake halina dosari. Hukasirika, na simlaumu. Kosa lake ni majirani kuwa wengi.

Kikomo cha mali tunayoweza kuibeba sehemu moja hatukijipangii peke yetu. Kampuni nayo hukata bima, inayoitwa bima mtawanyo, kwa wakubwa kama ZEP-RE ya Nairobi au Africa Re ya Lagos, nao wakagawia wengine mbali zaidi. Tuseme sisi tunabeba shilingi bilioni 1 ya kwanza ya kila tukio, wao wanabeba kinachozidi hadi bilioni 10. Sasa tukio ni nini? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mikataba mingi huhesabu dhoruba kwa saa 72 na mafuriko kwa saa 168. Mto ukifurika Jumatatu, ukarudia Jumatano ya wiki inayofuata, hayo ni matukio mawili, na ile bilioni ya kwanza tunaibeba mara mbili. Nimewahi kukesha na karatasi za mvua tukibishana saa ianze kuhesabiwa Jumapili usiku au Jumatatu asubuhi.

Kuna pia "mafuriko ya miaka 100". Watu husikia kwamba yakishakuja, tunapumzika miaka 99. Maana yake ni nafasi ya asilimia 1 kila mwaka, na kwa mkopo wa jengo wa miaka 30 hiyo inafika karibu asilimia 26. Kompyuta hutubunia maelfu ya miaka ambayo haijatokea ili tuone ubaya unaweza kufika wapi. Naiheshimu, siiabudu. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 1964, kisha likashuka, watu wakajenga ufukweni. Mwaka 2020 likarudi palepale na kupita kidogo.

Ukame ni mafuriko yaliyogeuzwa, maana nao hupiga wilaya nzima. Ndiyo maana makampuni yaliungana kwenye bima ya kilimo, na mwaka wa fedha 2016/17 serikali ilianza kumlipia mkulima mdogo nusu ya ada, na zaidi ya hapo penye majanga mengi. Baadhi ya bima hizo hulipa kwa kipimo cha setilaiti bila mkaguzi kukanyaga shamba. Ni haraka na ni nafuu, ila mvua yetu hupenda kunyesha kilima kimoja ikaruka cha pili. Mahindi yako yamekauka, setilaiti inasema eneo lenu limenyeshewa.

Mama wa vitambaa tulimwongezea mafuriko, kwa sharti kwamba bidhaa zikae juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni. Kabla ya kutia saini nilikwenda kukagua, nikamuuliza maji yalifikaga wapi.

"Vifundoni tu, mwanangu."

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, basi. Nikatoa futikamba. Mama akaangalia rangi, akaniangalia mimi, akacheka.