Je, wajua kwa nini hakuna faili la siri linalomtaja baba wa babu aliyelelewa?

Wanaotafuta wazazi wa babu aliyelelewa na watu baki huko Uingereza huamini kuwa mahali fulani lipo faili lililofungwa, na kilichobaki ni kuomba lifunguliwe. Kwa aliyezaliwa England au Wales miaka ya 1890, faili hilo halijawahi kuwepo. Sheria ya kuasili watoto ilianza kutumika huko tarehe 1 Januari 1927. Kabla ya hapo mtoto alikabidhiwa tu kwa shangazi, jirani au mtu aliyejibu tangazo la gazetini, bila amri ya mahakama.

Cheti cha kuzaliwa huenda kipo, maana usajili ulianza 1837. Ila kama mama hakuwa ameolewa, sehemu ya baba huwa tupu: tangu 1875 jina lake liliandikwa pale tu alipofika mwenyewe kwa msajili na kutia saini pamoja na mama. Kinachopotosha zaidi ni cheti cha ndoa cha babu huyo. Kilidai jina la baba, naye aliandikisha la mlezi wake, au alizua baba hewa, mwenye jina na kazi kamili. Afadhali madaftari ya mahakama za wilaya, pale mama alipodai matunzo ya mtoto.

Yakikosekana hayo, hubaki vinasaba (DNA). Chukua nyuzi mbili za shanga, nyekundu kutoka kwa babu na nyeupe kutoka kwa bibi. Mzazi hampi mtoto uzi mmoja mzima. Huzikata zote mbili mahali pachache, akaunga vipande kuwa uzi mmoja wa rangi mchanganyiko. Kila kizazi hukata upya, hivyo vipande vyekundu hufupika na vingine hupotea kabisa. Ndiyo maana takriban mmoja kati ya kila binamu kumi wa daraja la tatu, yaani mlio vilembwe wa babu na bibi wamoja, haonyeshi kipande chochote cha pamoja nawe, ingawa ni damu moja.

Kwa hiyo apimwe kwanza mzee kuliko wote. Mtoto wa babu aliyelelewa ana wastani wa 25% kutoka kwa yule baba asiyejulikana. Kitukuu wa babu huyo ana takriban 6% tu. Asilimia za asili, Scotland kiasi hiki na Ireland kiasi kile, hazisaidii kitu hapa. Kazi iko kwenye orodha ya waliolingana, yaani waliopimwa wakakutwa na vipande vya pamoja nawe: watenge wale wanaolingana pia wao kwa wao, panda na nasaba zao hadi kwa wahenga wanaowaunganisha, kisha shuka ukimtafuta mwanamume aliyeishi karibu na mama miezi tisa kabla ya kuzaliwa.

Akipatikana, mara nyingi wanapatikana ndugu watatu. Mpime mjukuu wa mmojawapo dhidi ya mtoto wa babu. Kama huyo ndiye baba, tarajia takriban sentimogani (kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba) 450 za pamoja. Kama ni kaka yake, takriban 230. Tatizo ni kwamba viwango hivyo huingiliana sana, kwa hiyo jozi moja haitoshi.

Koo zilizooana binamu kwa binamu, kama baadhi ya zile za Pwani zenye asili ya Hadhramaut, jumla zao huvimba na undugu ukaonekana wa karibu kuliko ulivyo. Huko tazama urefu wa kila kipande kabla ya jumla, na vilivyo chini ya sentimogani 7 viache. Vingi hulingana kwa bahati tu.