Ustahimilivu wa chumvi wa klova hutegemea umri wa mmea

Ukiambiwa kwamba klova fulani ya malisho (mmea wa jamii ya kunde) inastahimili chumvi, uliza kwanza: ikiwa na umri gani? Ustahimilivu wa chumvi ni uwezo wa mmea kuota, kukua na kuzaa kwenye udongo wenye chumvi nyingi, na kwa klova uwezo huo haubaki ule ule tangu mbegu hadi ua.

Chukua barsimu, klova ambayo wakulima wa delta ya Nile nchini Misri huikata mara kadhaa kwa msimu kulisha ng'ombe na nyati wa kufugwa. Mashamba ya kaskazini, karibu na bahari, yana chumvi. Mbegu iliyoko humo husumbuliwa hasa na kiu, kwa sababu chumvi huyashikilia maji ya udongo. Mara nyingi haifi. Husubiri, na maji matamu yakiingia huota, ingawa kwa kuchelewa.

Mche hauna nafasi ya kusubiri. Akiba ya mbegu imekwisha, na mizizi yake iko sentimita chache tu kutoka juu, pale pale ambapo jua likikausha udongo chumvi hubaki kama unga mweupe. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kinachostahili jicho kali kuliko vyote. Mbegu iliyoota vizuri kwenye kisahani cha maabara haijathibitisha lolote kuhusu mche wa shambani.

Mmea mkubwa hupata shida ya aina nyingine: sodiamu na kloridi hujazana kwenye majani ya zamani, yakaungua kuanzia kingoni. Vinundu vya mizizi, vijivimbe wanamoishi bakteria wanaoupatia mmea nitrojeni, navyo hupungua, hata pale bakteria hao wanapoihimili chumvi vizuri.

Chumvi ya udongo hupimwa kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita (dS/m); udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi ukifika 4 dS/m. Barsimu na klova nyekundu zote huanza kupoteza mavuno karibu na 1.5, lakini kwa kila dS/m inayoongezeka klova nyekundu hupoteza takribani asilimia 12, barsimu karibu 6. Majedwali yenye takwimu hizi huhusu zaidi mimea iliyokwisha kushika, kwa hiyo usiyategemee kwa mche. Wakulima wengi wa Misri hujaza maji jaruba kisha hurusha mbegu za barsimu humo humo; maji hayo yanaposhuka hushuka na sehemu ya chumvi, chini ya mizizi michanga.