2>&1 haiunganishi chochote

Nimeletewa tena mstari ule ule wa crontab (faili la ratiba ambalo programu ya cron hulifuata kuendesha amri zenyewe), na utetezi ule ule: "`2>&1` huunganisha makosa na matokeo, iweke popote."

`0 2 * * * /opt/nakala.sh 2>&1 > /var/log/nakala.log`

Haiunganishi! Sheli, yaani programu inayosoma na kuendesha amri, husoma maelekezo haya kutoka kushoto kwenda kulia. `2>&1` maana yake ni kwamba mkondo wa 2 (makosa) uende kule ambako mkondo wa 1 (matokeo) unaelekea sasa hivi. Hapo mkondo wa 1 bado unaelekea kwa cron, ambayo hutuma inachopokea kwa barua pepe. Ndipo `>` inapouhamishia kwenye faili, na wa 2 unabaki ulikoachwa. Ukinakili anwani ya mtu leo, akihama kesho daftari lako halibadiliki. Kwa wanaoandika C, ni `dup2()` tu.

Sasa chukua seva ya Debian isiyo na programu ya kutuma barua pepe (MTA). Cron huandika kwenye logi ya mfumo `No MTA installed, discarding output`, kisha makosa yote yanatupwa. `nakala.log` inabaki safi, na mtu anaitazama akiamini data yake imehifadhiwa. Hapo ndipo ninapokasirika, maana ukweli hujulikana siku diski inapokufa.

Andika `> /var/log/nakala.log 2>&1`. Usiandike `> nakala.log 2> nakala.log`: faili linafunguliwa mara mbili, kila mkondo unaanza kuandika mwanzoni mwake, na maandishi yanafutana. Wala `&>` usiitumie kwenye cron. Hiyo ni ya sheli ya bash; `/bin/sh` ya Debian na Ubuntu ni dash, sheli nyingine, ambayo itaipeleka amri nyuma kwa `&`, kisha `>` itaacha faili tupu. Kwenye paipu (alama `|`, inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine), `amri 2>&1 | less` ni sahihi, kwa kuwa paipu huunganishwa kabla ya maelekezo mengine kusomwa.

Hata ukiandika sawasawa, mpangilio wa mistari ndani ya logi siuamini. Programu nyingi zikiona zinaandika kwenye faili hulimbikiza matokeo kwenye bafa (hifadhi ya muda), lakini makosa huyatoa papo hapo, hivyo kosa laweza kuonekana juu ya hatua iliyolitangulia. `stdbuf -oL`, inayoagiza matokeo yatolewe mstari kwa mstari, husaidia baadhi ya programu. Nyingine haizigusi kabisa. Nikihitaji kujua kipi kilitangulia, naifanya programu yenyewe iandike saa katika kila ujumbe.