Ukishusha tyuni, anza na nyuzi

Wengi wanaoshusha uzi wa sita wa gitaa kutoka noti ya E hadi C au B kwa ajili ya muziki wa metali husikia nyuzi zikigongagonga freti, vile vyuma vya kukatisha shingoni, wakakimbilia kupandisha daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini. Mimi huwarudisha kwenye hesabu. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa masafa yake (mitetemo kwa sekunde): ukishuka hadi D umepoteza asilimia 21 ya mkazo, C asilimia 37, B asilimia 44. Uzi wa 46 (unene wa elfu 46 za inchi) uliokuwa ukivutwa kwa takriban kilo 8 unabaki na kilo 4 na nusu hivi. Hapo upandishe daraja utakavyo, uzi utaendelea kuyumba.

Dawa ni unene. Kwa B, kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648 kama Fender nyingi, nafunga 62, na kilo 8 zinarudi. Gibson ni fupi, kama milimita 628, hivyo uzi uleule hulegea kwa asilimia 6 zaidi. Hapo napanda hadi 64.

Kuna atakayenitajia Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya Black Sabbath. Ni kweli, mwaka 1971 alikuwa akirekodi kwa C# na nyuzi nyembamba, lakini yeye ulegevu aliutaka: alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, na nyuzi laini zilimpunguzia maumivu. Wewe mwenye vidole vizima na mkono mzito unatafuta kitu kingine.

Kinachosahaulika zaidi ni nati, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita juu ya shingo. Mfereji uliochongwa kwa uzi wa 46 (milimita 1.17) haumezi 62 (milimita 1.57). Uzi unakalia mdomo wa mfereji, noti ya freti ya kwanza inapanda, na ukikaza unasikia "tik": uzi ulinasa, sasa umeruka. Napanua kwa tupa nyembamba za kazi hiyo, nikiinamisha kuelekea kichwani ili uzi uegemee ukingo wa upande wa freti. Natanua ubavu tu. Kina sikigusi mpaka shingo itulie. Ukichimba mno, utanunua nati nyingine.

Shingo naipima nyuzi mpya zikiwa tayari kwenye tyuni yake. Bonyeza uzi wa sita freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, uangalie nafasi iliyo juu ya freti ya saba. Napenda robo milimita au zaidi kidogo, maana uzi mnene hucheza kwa upana. Chuma cha ndani ya shingo, kinachoinyoosha, nakizungusha robo mzunguko, nasubiri, napima tena.

Kwenye daraja, kikalio cha uzi mnene, kile kipande kidogo unapoegemea, hurudi nyuma zaidi kwa sababu uzi ni mgumu. Skrubu ikiisha nafasi, kwenye madaraja mengine kikalio kinageuzwa. Pikapu nazo, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zishushe upande wa nyuzi nene. Sumaku ikikaribia sana huvuta uzi na kuharibu noti.

Unapotyuni, chapa uzi kwa nguvu ile ile ya jukwaani. Uzi mzito hupanda kidogo ukichapwa kisha hushuka, kwa hiyo ukityuni kwa kuugusa polepole, rifu yako yote, ule mpigo wa gitaa unaojirudia, itasikika juu kidogo kuliko noti za gitaa la besi.