Waya Hazibebi Ndege, Jamani

Juzi nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa mtu mzima, msomi kabisa, kasimama pembeni ya kiwanja anawaelezea watoto: "hiyo hairuki, anaizungusha tu kwa waya, hata ukifunga jiwe litazunguka." Watoto wakaitikia ndiyo. Mimi niko katikati ya duara, hendeli mkononi, siwezi hata kugeuka nimjibu maana ndege ya waya, yaani ile ndege ndogo ya mota inayokuzunguka huku umeishika kwa waya mbili zinazoishia kwenye hendeli, ukiiondolea macho kidogo tu imeshaingia ardhini. Kwahiyo namjibu hapa, yeye na wengine wote, kwa sababu hii imani haiishii kwenye maneno, inaingia mpaka kwenye ujenzi na inaua ndege za watu.

Tuanze na hilo jiwe. Jiwe ukilizungusha kwa kamba, mkono wako hautulii, unachora kaduara kadogo, unalitangulia jiwe muda wote, nguvu yote inatoka begani kwako, na ukichoka linashuka. Alafu iangalie kamba yenyewe, haijalala sawa na ardhi, jiwe liko chini kidogo ya mkono. Lazima liwe chini, maana sehemu ya mvuto wa kamba inatakiwa ielekee juu ili ubebe uzito wa jiwe.

Sasa njoo kwenye ndege. Ile ninayofundishia ina bawa la sentimita 90, ikiwa na mota na betri inafika gramu 600, waya mita 15. Ikiwa hewani iko juu kuliko usawa wa kichwa changu, waya zinapanda kutoka kwenye hendeli kwenda kwenye bawa. Waya inayopanda namna hiyo inaivuta ndege kuja ndani na chini. Chini! Haiwezi kuivuta chini na kuibeba kwa wakati mmoja. Ndege ndo inabeba waya, na waya mbili za chuma za milimita 0.3 kwa urefu huo ni gramu 16 hivi, karibu nusu ya hizo inazibeba ndege na nusu inabebwa na mkono wangu. Kinachoiweka juu ni bawa, hewa inapita, bawa linanyanyua, kama ndege yoyote ile unayoiona inatua hapa Dodoma.

Kazi ya waya ni mbili tu. Kwanza kuikunja njia yake iwe duara badala ya kunyooka na kupotelea zake huko. Pili kupeleka amri, ukiinamisha hendeli waya moja inavutwa nyingine inaachiwa, belikrenki (kile kipande ndani ya bawa kinachofungwa waya zote mbili) inageuka, fito inasukuma eleveta (kibao cha mkiani kinachopinda juu na chini), pua inapanda au inashuka. Basi. Usukani wa kushoto na kulia huna na huuhitaji. Mmarekani Jim Walker wa Portland, Oregon, ndo aliyeusambaza mfumo huu miaka ya 1940, na mpaka leo mashindano ya dunia ya ndege za waya yanatumia kitu kile kile.

Na nguvu ya waya kuvuta mkono je? Ndege yangu inamaliza mzunguko kwa sekunde 5, hiyo ni kama kilomita 68 kwa saa. Piga hesabu: uzito wa kilo 0.6, mara mwendo kwa mwendo (kwa mita kwa sekunde, kama 18.9), gawa kwa mita 15, unapata nyutoni 14 hivi, yaani kama kilo moja na nusu ya kuvuta mkononi. Zaidi ya mara mbili ya uzito wa ndege yenyewe. Ndo maana mtu akishika hendeli mara ya kwanza anashtuka na kuanza kuamini waya zinafanya kila kitu. Lakini huo mvuto ni wa pembeni, na kitu kinachovuta pembeni hakinyanyui.

Nisiwe mnafiki, kuna kitu kinaitwa kuchapa. Mota ikizima ukiwa bado juu unaweza kuitangulia ndege kwa mkono, unapiga hatua kuzunguka, unaiongezea mwendo kidogo ifike sehemu nzuri ya kutua. Ipo, inafanya kazi, na kwenye mbio za timu, zile marubani watatu wanaruka duara moja, waamuzi wanakuadhibu ukifanya. Kwahiyo ukisema mkono unaweza kuipa ndege nguvu nakubali. Ila hata hapo unachoongeza ni mwendo, na mwendo ndo unalipatia bawa hewa. Linalobeba bado ni bawa.

Kama bado unabisha, njoo na ndege iliyosetiwa Dar. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lile lile la nyuzi 30 hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Dar. Ndege ile ile, betri ile ile, inafika hapa imelegea kwenye kona na inataka mbio ndefu kabla ya kunyanyuka. Ili bawa litoe nguvu ile ile inabidi uongeze mwendo kama asilimia 7, mzunguko wa sekunde 5 uwe wa 4.7. Waya ni zile zile hazijabadilika hata milimita. Kama zenyewe ndo zinabeba, mwinuko wa Dodoma unaziathiri vipi?

Sasa nieleze kwa nini nakasirika. Anayeamini waya zinabeba hajali uzito. Analetewa ramani ya balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea ndege ndogo, anasema balsa ya nini bwana, anaenda kuchukua paini kwa fundi seremala maana "waya zinavuta sana inahitaji mbao ngumu". Paini ni nzito mara mbili mpaka tatu ya balsa ya kawaida. Ndege inatoka nzito, inataka mwendo mkubwa ili iruke, mwendo mkubwa unaleta mvuto mkubwa, anauona mvuto anasema si unaona, ningetumia hata mninga. Anazunguka humo humo hatoki.

Ugumu unatakiwa sehemu moja tu, pale belikrenki inapofungwa. Mvuto wote wa waya unaishia kwenye skrubu moja, kwahiyo hapo weka plaiwudi ya milimita 3 iliyogundishwa mpaka kwenye boriti za bawa, nati ya kujifunga, na washa (vile vibati vya duara vyenye tundu) pande zote mbili. Kwingine kote mvuto unaofika ni mdogo.

Na balsa yenyewe sio kitu kimoja, hapa naomba mnivumilie. Shiti, yaani ubao mwembamba, ya milimita 3, upana sentimita 10, urefu mita moja, inaweza kuwa na gramu 30 na jirani yake kwenye pakiti hiyo hiyo ikawa na gramu 60. Kwa macho zinafanana. Nunua mzani wa jikoni wa kidijitali, pima kila shiti, iandikie uzito kwa penseli kwenye kona siku ile ile inayofika, maana hizi mbao hapa tunategemea watu wanaotoka nje watubebee kwenye begi na huwezi kurudisha. Alafu ishike ukingo huu na ukingo ule, ikunje kwa upana wake taratibu. Ikijikunja kirahisi hiyo ni ya kuvika mbele ya bawa kwenye mviringo. Ikikataa, igeuze kwenye mwanga wa dirisha, utaona uso wake una madoa madogo madogo yanayong'aa, hiyo imekatwa kutokea katikati ya gogo kuelekea nje, ni kakamavu, hiyo ni ya mbavu za bawa na ya mkia. Ukiilazimisha kujikunja inapasuka.

Mkia uwe wa shiti nyepesi kuliko zote ulizonazo. Mkia uko mbali na sehemu ndege inapobalansi, mbali mara mbili au tatu kuliko pua, kwahiyo kila gramu 1 ya mkiani inadai gramu 2 au 3 puani. Mkia unakula nusu shiti, ukitumia ile ya gramu 60 badala ya 30 umeongeza gramu 15 nyuma, utalipa 30 mpaka 45 mbele, hapo hujarusha na ndege imeshakuwa nzito bure. Na ukikataa kulipa ndo mbaya zaidi. Ndege ya kujifunzia ikibalansi nyuma ya robo ya kwanza ya upana wa bawa (kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma) inakuwa haishikiki, ukigusa hendeli inaruka juu, ukirekebisha inapiga mbizi. Waya hazikusaidii chochote hapo. Afadhali ibalansi asilimia 15 au 20, iwe nzito puani, iwe mvivu.

Gundi nitaenda haraka. Supa gluu inakauka kwa unyevu wa hewani, na kiangazi cha Dodoma unyevu haupo, kwahiyo usishangae inachelewa. Viungo vya muhimu tumia gundi nyeupe ya mbao, bana kwa pini, iache mpaka asubuhi. Fito ya kusukuma eleveta ni spoki ya baiskeli, ya milimita 2, kwa fundi yeyote utapata. Uzito wa kwenye ncha ya bawa la nje, la upande wa nje wa duara, chukua kwa mafundi tairi, zile risasi za kubandika za kubalansi rimu, gramu 10 kwa kuanzia.

Turudi kwenye kinachoniumiza zaidi, usukani wa mkia uliopindwa, ule usioongozwa na waya bali umegundishwa hapo hapo. Mtu kaambiwa waya zikilegea ndege imekwisha, na hilo ni kweli, basi anapinda usukani kuelekea nje ya duara mpaka unatisha, anageuza na mota iangalie nje, anajaza risasi kwenye ncha. Anafikiri mvuto unatoka hapo. Mvuto unatoka kwenye mwendo! Ndege inayokwenda ubavu ubavu inasuguana na hewa, inapunguza mwendo, na ukipoteza asilimia 10 ya mwendo umepoteza asilimia 19 ya mvuto. Umeuza ng'ombe ukanunua kamba. Halafu fikiria ukiwa juu kabisa utosini: kwa waya za mita 15, mwendo ukishuka chini ya kilomita 44 kwa saa uzito wa ndege unameza mvuto wote, waya zinalegea, hendeli inakuwa haina kazi. Pale juu usukani uliopindwa ndo umekusaidia kufika huko ukiwa umechoka.

Kinachofanya kazi ni mahali waya zinapotokea kwenye ncha ya bawa la ndani. Zitoke nyuma kidogo ya mstari wa kubalansi, hapo pua inaangalia nje kwa kiasi kidogo yenyewe. Kidogo kiasi gani? Vitabu vina fomula, na fomula ina mantiki maana waya zenyewe zinasukumwa na hewa zinapinda kurudi nyuma. Lakini hapa mimi na vitabu hatuelewani sana. Nimeona ndege mbili za ramani moja, mbao zinakaribiana uzito, moja inataka sentimita 1 nyingine inataka 2 na ushee. Sina maelezo ya kuridhisha, kwahiyo natoboa mfuo ncha ya bawa niweze kusogeza mbele na nyuma uwanjani. Vilevile ile sheria ya bawa la ndani kuwa refu kuliko la nje kwa sababu linakwenda taratibu: kwa bawa la sentimita 90 ncha ya ndani iko nyuma asilimia 3 tu ya mwendo, mimi nina mashaka kama inastahili usumbufu wote ule, mabawa sawa na risasi ncha ya nje yananitosha.

Upepo wetu sasa. Juni mpaka Oktoba rusha saa 12 asubuhi mpaka saa 3, baada ya hapo vumbi linaanza na hamna raha. Upande upepo unapokwenda ndege inasukumwa nje, waya zinakaza, upande upepo unapotoka inasukumwa kuja kwako, waya zinalegea. Kwahiyo tunaanzia robo ya duara kabla, tunazunguka kinyume cha saa, ili magurudumu yaachane na ardhi pale upepo unapokupiga mgongoni. Ukihisi waya zimekufa mkononi rudi nyuma hatua za haraka, usinyanyue mkono, rudi nyuma.

Na kabla ya kuruka, kila asubuhi, mmoja ashike mwili wa ndege usawa wa belikrenki na mwingine avute hendeli kwa mara kumi ya uzito wa ndege. Ya gramu 600 ni kilo 6, tumia mzani wa kuning'iniza wa sokoni. Kikitoka kitu kitoke hapo chini. Kiwanja chenye nguzo za umeme karibu hata kama ni kizuri namna gani kiache, waya zako ni za chuma na umezishika mkononi, na radi za Desemba zikianza kunguruma hata mbali funga virago.